Jibu: Je, imani niliyo nayo inaokoa?

Mpendwa, umesema umebatizwa, umepata kipaimara, hukosi ibada, na hakuna neno katika Imani ya Mitume unalolipinga, ila kila ukisikia wokovu unahubiriwa unaingiwa na hofu kwamba huenda imani yenyewe huna. Hofu hiyo usiipuuze.

Kukubali mafundisho peke yake hakuokoi. Yakobo 2:19 anasema mashetani nao waamini na kutetemeka. Simoni wa Samaria, Matendo 8, aliamini, akabatizwa, akawa anafuatana na Filipo. Lakini alipoona watu wanapokea Roho Mtakatifu kwa kuwekewa mikono na mitume, akatoa fedha auziwe uwezo huo, na Petro akamwambia moyo wake si mnyofu mbele za Mungu. Ubatizo alikuwa nao, kama wewe na mimi.

Nimekulia Kagera kwa Walokole, watu wa ule Uamsho uliosambaa kutoka Rwanda na Uganda miaka ya 1930. Uliwashika hasa Wakristo wa jina, wachungaji wakiwemo. Kwetu alikuja mnunuzi wa kahawa, mzee wa kanisa kwa miaka mingi. Alikuwa akinunua kwa butura, yaani kahawa ikiwa bado mtini, kwa bei ya kutupa, kwa watu waliobanwa na ugonjwa au ada ya shule. Alipookoka alikuja na daftari lake. Akasimama uani akamsomea baba mwaka, magunia, na kiasi alichompunja, kisha akaweka fedha juu ya mkeka. Baba alikuwa ameshasahau. Hakuna aliyemshtaki yule mzee, wala hakuna aliyemtuma.

Lakini hakulipa ili aokoke. Hata Zakayo, yule mtoza ushuru wa Luka 19, Yesu alitangulia kujialika nyumbani kwake, ndipo yeye akasema atawarudishia mara nne aliowadhulumu. Na yule mhalifu msalabani hakupata nafasi ya kurudisha chochote. Aliomba tu akumbukwe, akapokelewa. Kwa hiyo usianze kuhesabu matendo yako, utachoka bure. Jiulize: ukiitwa mbele za Mungu usiku huu, utamtajia nini? Ukitaja kipaimara na mahudhurio, basi hivyo ndivyo ulivyovitegemea. Ukimtaja Kristo peke yake, hata kwa sauti ya kutetemeka, hiyo ni imani ya kweli, ijapokuwa ni changa.

Na ukiona bado, usingoje semina wala mhubiri mgeni. Mwambie Yesu leo, kwa maneno yako mwenyewe, kwamba huna mwingine wa kumtegemea. Kisha tafuta wapendwa wawili watatu wa karibu uwaeleze, msali pamoja.