Kulainisha triga ya rivolva ya .22 bila risasi kuanza kugoma

SWALI: Fundi, shikamoo. Nina rivolva ya Smith & Wesson 617, ya .22 yenye chemba 10, naitumia kwa shabaha tu. Nikifyatua bila kukoki nyundo, triga ni nzito mpaka mkono unatetemeka. Nikaweka springi laini ya nyundo. Triga imekuwa tamu, lakini sasa kila silinda risasi mbili au tatu zinagoma. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba. Rudisha kwanza springi ya zamani. Ile skrubu ya mbele ya mpini, inayoikandamiza springi, ikaze mpaka mwisho. Wengi huilegeza kidogo wakitafuta wepesi, nayo huendelea kulegea yenyewe kadiri unavyopiga.

Ugumu wako unatokana na risasi yenyewe. Risasi nyingi kubwa zina fataki katikati ya kitako, kikombe kidogo kinachobonyea kirahisi. Ya .22 haina kikombe. Kiwashio kimetandazwa ndani ya ukingo wa ganda, na pini inayosukumwa na nyundo lazima iuponde ukingo huo kwenye mdomo wa chemba. Pigo linalotosha fataki ya katikati huenda lisitoshe hapa. Ndiyo maana kiwanda kiliweka springi ngumu, na ndiyo maana wepesi tunautafuta kwingine.

Nyuma ya triga kuna kitelezi chenye springi yake, kazi yake ni kurudisha triga mbele. Kila ukivuta, unashindana na springi mbili kwa pamoja: ya nyundo na hiyo. Ukiipunguza ya kitelezi, kidole kinapata nafuu na nyundo haipotezi nguvu. Nunua iliyotengenezwa kuwa laini, usikate ya zamani. Kisha iachie triga polepole: ikirudi kwa uvivu au ikikwama njiani, umezidisha, weka ngumu kidogo.

Baada ya hapo ni msuguano. Toa risasi zote, ziweke mbali na meza, fungua bamba la pembeni. Mara nyingi ninachokuta ni mafuta ya zamani yaliyoganda kama gundi. Safisha, kisha ng'arisha tumbo na mbavu za kitelezi kwa jiwe laini, mpaka mikwaruzo ya mashine ipungue; huna haja ya kupata kioo. Tone moja la mafuta mepesi linatosha. Pale nyundo inaposhikwa ikikokiwa, usiguse kabisa! Ugumu wa chuma hapo uko juu juu tu. Ukishakwisha, nyundo inaweza kuanguka kwa kusukumwa na dole gumba, na hilo linaua mtu.

Sasa chemba, ambazo watu huzisahau. Mabaki ya madini ya risasi na nta hujenga pete ya uchafu ndani, risasi mpya isiingie mpaka mwisho. Nyundo ikipiga, nguvu yake inaishia kuisukuma risasi mbele badala ya kuponda ukingo. Dalili yake ni risasi kugoma mara ya kwanza, ukiipiga tena inalia. Sugua kila chemba kwa brashi ya shaba, na ukijaza, sukuma kila risasi kwa kidole ikae.

Ukimaliza, zipe chemba namba kwa kalamu ya wino mzito, upige risasi 100 bila kukoki hata moja. Ukikoki, nyundo huanguka kutoka mbali kidogo, kwa hiyo pigo ni zito zaidi na litakudanganya. Risasi ikigoma, elekeza mtutu kwenye shabaha, hesabu sekunde 30 ndipo ufungue. Nyingine huchelewa kuwaka. Andika namba ya chemba na utazame alama ya pini kwenye ganda. Kugoma kukirudia chemba ileile, kasoro iko hapo. Alama ikiwa hafifu chemba zote, pigo ni dogo. Alama ikiwa nzito na risasi haijalia, irudishe ukiwa umeizungusha nusu duara. Ikilia, kiwashio hakikufika upande ule: badilisha aina ya risasi, bunduki iache.

Mazoezi ya kufyatua patupu yanalainisha triga pia, lakini weka risasi bandia za plastiki kila chemba, pini isije ikabonyeza kingo za chemba zako.