Sauti imethubutu, wimbo umenywea

Mhariri, wiki hii mmeuliza: je, muziki unaovuma siku hizi umezidi kuthubutu, au ni ule ule uliobadilishwa nguo? Mimi nasema sauti imethubutu kweli, ila wimbo wenyewe umekuwa mwoga kuliko zamani. Kazi yangu ni kukodisha mitambo ya muziki kwenye sherehe hapa Dar es Salaam, kwa hiyo kila kinachovuma kinapita kwenye spika zangu, nipende nisipende.

Tuanze na besi ya amapiano, muziki wa kucheza uliotoka Afrika Kusini. Kwenye biti za Bongo Fleva tulizozizoea, besi ilikaa chini ikitembea pole pole, na ngoma kubwa ndiyo ilishika mwendo. Sasa besi imegeuzwa ngoma. Inagonga, inateleza kwenda chini, inanyamaza pale pale ulipotegemea ipige, kisha inarudi upande ambao hukuutarajia. Mwendo ni wa taratibu, mapigo kama 112 hadi 115 kwa dakika, na katikati kumeachwa nafasi tupu kubwa. Kwenye simu huisikii vizuri. Ukumbini chupa za soda zinatembea mezani. Miaka kumi na tano iliyopita ningepiga kitu hicho kwenye kicheni pati, mashangazi wangenifuata kuniambia mashine imeharibika. Leo ndio wanaoanza kuingia katikati. Masikio ya watu yamebadilika, na hilo siyo jambo dogo.

Ila tuulizane nani aliyejaribu kwanza. Amapiano ilipikwa na vijana wa vitongoji vya Gauteng, Afrika Kusini, ikasambaa kwa daladala zao na kwa faili za kutumiana kwenye simu. Mwaka 2021 Diamond Platnumz alipotoa "Iyo" akiwa na rapa wa huko Focalistic na wenzake, biti ile ilikuwa imeshajaza kumbi miaka kadhaa. Simlaumu, ndivyo biashara ilivyo. Lakini kununua kiwanja kilichokwisha pimwa siyo sawa na kufyeka pori.

Pori lilifyekwa hapa hapa kwetu pia, na waliofyeka hawana mabango barabarani. Nazungumzia singeli. Chukua kipande cha kinanda cha taarab, sekunde chache tu, kile kinachopigwa kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Kikate, kizungushe kijirudie, halafu kikimbize mpaka kilie kama filimbi. Tia makofi na ngoma juu yake, mapigo 200 na ushee kwa dakika, mengine yanakaribia 300. Hakuna kiitikio cha kusubiri. Yupo MC anayemwaga maneno bila kupumua, anataja mitaa, anawasalimia kina dada, anamsema mwenye nyumba anayedai kodi, na DJ akiona watu wanapoa habadilishi wimbo, anabadilisha kipande. Damu yake ni ya mchiriku, ule wa vinanda vidogo vya Casio, na ukumbi wake ni kigodoro: turubai, taa mbili, mtaa mzima hadi alfajiri. Manzese, Tandale, Mburahati, mitaa ya uswahilini hapa Dar. Vijana wale hawakuwa na jina la kulinda wala mdhamini wa kumkera, ndiyo maana walikwenda mbali kiasi kile.

Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa singeli kutoka studio ya Sisso ya Mburahati. Baada ya hapo kina Bamba Pana, MCZO na Duke wakapanda ndege kwenda kwenye matamasha ya Ulaya, mbele ya watu wanaolipa kiingilio kusikiliza muziki mgumu kwa makusudi. Kule waliandikwa kama wavumbuzi. Huku kwa muda mrefu waliitwa wapiga kelele wa uswahilini, na mpaka leo wapo wateja wanaoniandikia kwenye makubaliano kwamba singeli isipigwe kabla maharusi hawajaondoka. (Maharusi wenyewe hurudi.)

Nao mastaa? Wapo waliosogea mapema. Professor Jay alimwita Sholo Mwamba wa singeli wakafanya kazi pamoja, na kwa mtu wa rapu mwenye heshima yake ule ulikuwa ujasiri. Lakini mara nyingi singeli ikifika kwa wakubwa, mwendo unapunguzwa, kiitikio kitamu kinaingizwa, na maneno ya mtaani yanafuliwa. Inabaki harufu tu.

Hapo ndipo ninapowakatalia wanaodai kwamba muziki wa zamani ulikuwa umelala. Bendi za dansi ndizo zilizokuwa zikivuma nyakati zile, na kila moja ililazimika kuwa na mtindo wake. Mlimani Park, iliyoanzishwa 1978, ilichukua jina la Sikinde kutoka kwenye ngoma ya Wazaramo. NUTA Jazz walikuwa na Msondo. Maquis walibadilisha mitindo kila walipohisi wapinzani wamewakaribia. Wimbo ulianza pole pole kama hadithi, mwimbaji akikueleza mgogoro wa ndoa hatua kwa hatua, kisha ukaingia kwenye chemko, magitaa yakijibizana na tarumbeta zikikatiza. Dakika nane, pengine zaidi. Na wengi wa wanamuziki hao walikuwa na mshahara wa mwezi kutoka kwa shirika au chama kilichomiliki bendi. Mtu mwenye mshahara anaweza kukuweka dakika tatu kabla hajakufikisha kwenye utamu.

Msanii wa leo hana dakika hizo. Spotify haihesabu kwamba umesikiliza mpaka sekunde 30 zipite, kwa hiyo utamu unaletwa mlangoni. TikTok inataka kipande kifupi cha kuchezea, kwa hiyo prodyuza anatengeneza kipande kwanza, wimbo unafuata baadaye kama kuna muda. Matokeo yake ni nyimbo za dakika mbili na nusu zenye sauti za ajabu kabisa ndani ya umbo lile lile: kiitikio, ubeti, kiitikio, kwisha. Wakenya nao wamo humo humo. Gengetone, rapu ya mitaa ya Nairobi, ya kina Ethic mwaka 2018 ilikuja chafu na isiyojali mtu, nikaipenda. Arbantone iliyofuata inajengwa juu ya midundo ya zamani ambayo kila mtu anaijua. Inachezeka, sikatai, lakini hapo hakuna anayehatarisha chochote.

Kwa hiyo msinihesabu upande wa "ndiyo" wala wa "hapana". Nitahamia upande wa "ndiyo" siku msanii mwenye mamilioni ya wafuasi atakapotoa singeli ya dakika nane, kwa mwendo wake wa kigodoro, jina la prodyuza wa Mburahati likiwa sambamba na lake kwenye jalada. Spika ninazo.