Maswali ya Wasomaji: Samaki Gani Alimmeza Yona?

Safari hii tumechagua barua sita, tano za mkoa wa Tanga na moja ya Bagamoyo. Zote zinauliza namna ya kuwasimulia watoto habari za Biblia, kanisani na nyumbani.

Nina watoto kati ya 40 na 50 wa shule ya Jumapili, wa miaka minne hadi kumi na miwili. Tunakaa kwenye mikeka chini ya mwarobaini. Nawasomea sura nzima kwa sauti kubwa, lakini dakika ya tano wameshaanza kufinyana. Nakosea wapi? (Mwalimu, Makorora)

Mwalimu, unakosea hapo kwenye kusoma sura nzima. Ukisoma, macho yako yako kitabuni, na mtoto asiyetazamwa hujitafutia shughuli. Tena Kiswahili cha tafsiri ya Biblia ya 1952 ni kitamu kwa mtu mzima, ila mtoto wa miaka mitano akikutana na "shetri" na "akaukemea" kwa mkupuo mmoja, umeshamwacha nyuma.

Simulia. Chukua habari ya Yesu kutuliza dhoruba, Marko 4:35–41, aya saba tu. Isome kwa sauti mara tatu, siku tatu mbalimbali. Siku ya nne funga kitabu uigawe katika picha tano: jioni wanaondoka, na vyombo vingine vinafuatana nao; upepo unavuma, maji yanaingia; Yesu amelala, kichwa kwenye mto; wanamwamsha, naye anauambia upepo na bahari vitulie; shwari, na wao wanaulizana huyu ni nani. Kariri sentensi ya kwanza, sentensi ya mwisho na maneno waliyosema wahusika. Hayo ndiyo watoto watakayoyachukua nyumbani. Mengine sema kwa maneno yako. Anayekariri yote akisahau neno moja hukwama, na watoto hujua mara moja kwamba amepotea.

Hapa mwalimu wa Tanga ana mtaji ambao mwalimu wa Dodoma hana. Shetri ndiyo tezi, nyuma ya chombo, na mtoto wa pwani ya Sahare anajua tezi na omo, yaani nyuma na mbele, kabla hajajua kuandika jina lake. Mwambie Yesu alikuwa amelala tezini, atamwona. Atauliza pia mbona hawakufua maji, yaani kuyatoa chomboni. Mjibu kwamba Marko hasemi kama walifua au hawakufua, basi.

Ila usiwaache wadhani ni bahari yao hii. Bahari ya Galilaya ni ziwa la maji baridi, urefu kama kilomita 21 na upana 13, pungufu ya nusu ya njia ya Tanga hadi Pangani. Hakuna maji kujaa na kupwa huko, si bamvua wala maji mafu. Ziwa liko zaidi ya mita 200 chini ya usawa wa bahari, limezungukwa na vilima, na upepo ukiteremka kutoka vilimani huyachafua maji kwa muda mfupi. Ndiyo maana hata wavuvi wazoefu walidhani wanakufa. Mwaka 1986, maji ya ziwa yalipopungua kwa ukame, yalionekana kwenye tope mabaki ya chombo cha enzi zile: urefu mita 8 na kitu, upana mita 2.3. Chora umbo hilo mchangani kwa kijiti, uwaketishe ndani watoto kumi na watatu kabla hujaanza kusimulia. Wakibanana humo, dhoruba wataielewa wenyewe.

Sasa mkao. Wapange nusu duara, mistari mitatu au minne, wadogo mbele, wa mwisho asizidi mita tano kutoka ulipo. Jua likupige usoni wewe, si wao. Kaa upande upepo unakotoka ili uwapelekee sauti yako. Miezi ya kusi ukikosea hapa, mstari wa nyuma hausikii neno, na kufinyana huanzia huko. Ukipata msaidizi, tenganisha walio chini ya miaka saba. Usipompata, simulia kwa kipimo cha wadogo, dakika saba au nane, kisha wadogo wakachore mchangani na wakubwa wabaki kwa maswali.

Ukifika pale wanafunzi wanapoulizana "Ni nani huyu?", nyamaza. Hesabu kimoyomoyo hadi kumi. Kinachoua habari nyingi katika shule za Jumapili ni ile sentensi ya "kwa hiyo watoto, tunajifunza kuwatii wazazi". Marko hakuiandika. Ameacha swali, na mtoto akiachiwa swali atalichukua hadi nyumbani. Ukimjibia, atakuwa amemaliza kazi kabla hajatoka mkekani.

Wajukuu zangu nawaita kwa "Paukwa!" nao huitika "Pakawa!", hata kwa habari za Biblia. Mzee mmoja wa kanisa amenikataza. Kuna ubaya gani? (Bibi, Ngamiani)

Shikamoo bibi. Dhambi hakuna, lakini mzee ana hoja. Paukwa ni mlango wa kwa Sungura na Fisi, ambako Fisi hufa leo na kesho yumo tena anadanganywa. Mtoto mdogo hatofautishi masimulizi kwa hoja, huyatofautisha kwa mlango alioingilia. Akiingia kwa Musa kupitia mlango wa Sungura, atawaweka wote chumba kimoja, na akifika miaka kumi atawatoa wote pamoja.

Weka dalili nyingine, na iwe ile ile kila siku: taa ipunguzwe, Biblia iwe wazi pajani hata kama husomi, na ubeti mmoja wa wimbo. Kuitikia kusife, maana Biblia yenyewe imejaa viitikio. Katika Mwanzo 1 siku sita zote hufungwa kwa "ikawa jioni, ikawa asubuhi". Wewe taja kilichoumbwa, wao wafunge siku. Zaburi 136 ina aya 26, na kila moja inarudia kwamba fadhili zake ni za milele. Kwa watoto wanne kitandani hiyo inatosha usiku mzima. Paukwa iendelee na kazi yake usiku mwingine, Sungura naye ana haki yake.

Mwanangu wa miaka sita ameniuliza: samaki aliyemmeza Yona ni papa, chewa au nyangumi? Mimi ni mvuvi na nimekosa jibu. (Baba, Pangani)

Jibu limo kitabuni: "samaki mkubwa", na ni Mungu aliyemweka tayari. Kitabu cha Yona hakitaji aina. Kwa hiyo usimthibitishie papa wala chewa. Nyangumi mtajie, maana wanapita pwani yetu kila mwaka kuanzia Julai na pengine amewahi kusikia mkibishana juu yao, ila mwambie kwamba huko ni kukisia. (Silikanti, samaki wetu maarufu wa Tanga, aondolewe kwenye orodha. Urefu wake haufiki mbali zaidi ya mita mbili, na Yona asingeenea.)

Lakini baba, kitabu hicho kina aya 48, na samaki anatajwa katika aya tatu. Wasimulizi wengi humtapisha Yona ufukweni na kufunga Biblia, wakati habari imefika nusu tu. Igawe usiku nne, sura moja kila usiku. Wa kwanza: Yona anashuka Yafa, analipa nauli ya Tarshishi (watoto wanapenda sana hiyo nauli, maana ni pesa iliyopotea bure), mabaharia wanatupa mizigo, wanapiga kura. Mvuvi asijibane hapa. Sema jinsi chombo kinavyolia mbao zikipigwa. Wa pili ni sala ndani ya tumbo la samaki: mfupi, wa giza, zima taa. Wa tatu ni Ninawi, ambako hata wanyama walivikwa magunia. Wa nne: Yona amekasirika kwa sababu watu wamesamehewa, mmea unampa kivuli, buu anauguguna, na Mungu anauliza kama asiuhurumie mji wenye watu zaidi ya 120,000 na wanyama wengi. Kitabu kinaishia kwenye swali hilo. Na wewe ishia hapo hapo, umtakie usiku mwema.

Mtoto wa jirani akisema huyo ni Nabii Yunus wa madrasa, ndiye yeye. Mwache naye asimulie alivyofundishwa. Baraza la watoto lisigeuzwe mahakama.

Baada ya Daudi na Goliathi watoto wamejitengenezea manati, na kuku wangu mmoja amevunjika mguu. Na ile sehemu ya kukata kichwa, niiseme? (Mama, Muheza)

Pole, mama. Manati haimo kwenye habari hiyo, na picha nyingi zinazochorwa na walimu wetu ndizo zinazoiingiza. Daudi alikuwa na kombeo: kipande cha ngozi chenye kamba mbili, jiwe hukaa katikati, unazungusha kisha unaachia kamba moja. Mpira haukuwepo. Kuonyesha, tumia soksi na kibonge cha karatasi, si kokoto. Kombeo halisi mkononi mwa asiyejua hurusha jiwe nyuma kama linavyorusha mbele.

Kichwa: kwa walio chini ya miaka sita simama pale Goliathi anapoanguka kifudifudi. Mtoto akiuliza kama alikufa, sema ndiyo. Kuacha jambo unaruhusiwa, kudanganya hapana. Kuanzia miaka minane au tisa sema yote, bila kunogesha damu.

Kinachowatuliza watoto kuliko makatazo ni vipimo. Goliathi alikuwa na mikono sita na shubiri moja. Mkono huhesabiwa kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, kama sentimita 45 kwa mtu mzima, kwa hiyo anakaribia mita tatu. Chora ukutani kwa chaki, na upime kwa mkono wako wewe. Watoto wakipima kwa mikono yao watapata mtu wa mita mbili na wataondoka wakisema mjomba fulani anamshinda. Dirii yake ya shaba, shekeli 5,000, ilizidi kilo 50; wape wajaribu kuusogeza mfuko wa saruji usiofunguliwa. Na Daudi aliokota mawe matano, akatumia moja. Waulize manne yalikuwa ya nini, halafu usijibu.

Kwa kuwa umegusa mambo ya vifo: wengi huwaanzishia wadogo habari ya Nuhu kwa sababu ina twiga na tembo. Sisi tunaiona ni ya watoto wa miaka saba kwenda juu. Mdogo atauliza kuhusu watoto walioachwa nje ya safina, na "walikuwa wabaya" ni jibu baya kwa mtoto aliyechapwa jana kwa kuambiwa hivyo hivyo. Akikuuliza, anza na Mwanzo 6:6: Mungu alihuzunika moyoni kabla maji hayajaja. Zaidi ya hapo huna, na mtoto anaweza kuambiwa kwamba huna. Kwa mdogo, Zakayo anafaa zaidi. Alipanda mkuyu, na ni mkuyu huu huu wetu wenye kuyu zinazoning'inia hadi kwenye shina na matawi ya chini ambayo hata mtu mfupi anayafikia. Kama upo mmoja karibu, simulia chini yake.

Mamajusi walikuwa watatu? (Mwanafunzi, Korogwe)

Mathayo hataji idadi. Zawadi ndizo tatu: dhahabu, uvumba na manemane. Mwalimu wako anunue ubani (ndio uvumba huo) kidogo sokoni, autie kwenye chetezo mlango ukiwa wazi, na mwenye pumu akae mbali.

Ubao wa flaneli, ule uliovikwa kitambaa cha manyoya ili picha zishike, unanishinda. Watu wa karatasi wanajikunja na kuanguka katikati ya habari, watoto wanacheka. (Katekista, Bagamoyo)

Wanajikunja kwa sababu hewa ya pwani ina unyevu na gundi umeipaka mgongo mzima. Ikikauka huvuta upande mmoja. Kata watu kwenye karatasi ya manila, urefu sentimita 20 hadi 25, chini ya hapo mstari wa tatu hauoni. Nyuma bandika vipande vitatu tu vya msasa, sentimita 2 kwa 4, kichwani, kiunoni na miguuni, chenga zikitazama nje. Chenga ndizo zinazong'ang'ania manyoya ya kitambaa. Walaze chini ya vitabu vizito usiku kucha kabla ya kuwatumia. Boksi la katoni usitumie, ni zito na litashuka tu.

Ubao wa sentimita 60 kwa 90 unatosha. Blanketi jepesi la manyoya ni bora kuliko flaneli iliyofuliwa sana, ambayo imekwisha manyoya. Livute likaze, ulibane nyuma kwa misumari midogo. Usiusimamishe wima. Uegemeze ili chini itangulie mbele sentimita 15 hivi, na mgongo wake uelekee ukuta, si baharini. Weka watu wasiozidi sita kwa wakati mmoja, na anayeondoka kwenye habari mwondoe ubaoni pale pale.

Yesu mkate mmoja tu, wa habari zote, na rangi ya kanzu yake isibadilike. Ukimvika nyeupe Jumapili hii na buluu ijayo, wadogo watauliza yule wa kwanza amekwenda wapi.