Viatu kabla ya koti

Mhariri, wiki hii mmeuliza: mtu anayetoka Mombasa, Mwanza au Bukavu kwenda kuishi kwenye baridi kali aanze na nini? Najibu kwa kutumia mfano wa Minneapolis na Saint Paul, jimbo la Minnesota, Marekani. Wakenya wengi wamejenga maisha huko, na ndugu wengine wa Afrika Mashariki na Kongo wanaendelea kufika. Ushauri wangu ni huu: anunue viatu kabla ya koti, kisha autazame unyevu kwa makini kuliko anavyoitazama baridi yenyewe.

Lakini kabla ya kununua chochote, azielewe namba. Utabiri wa hewa huko hutolewa kwa Farenhaiti, na kwa kipimo hicho maji huganda kwenye 32. Mtangazaji akisema kesho ni sifuri, hiyo ni nyuzi 18 chini ya sifuri ya Selsiasi tuliyofundishwa shuleni. Tarehe 30 Januari 2019 Minneapolis ilishuka hadi 28 chini ya sifuri kwa kipimo chao, yaani kama 33 chini kwa Selsiasi. Kuna namba ya pili pia, inayohesabu na upepo, na ndiyo ya kuangalia kabla ya kutoka. Ikikaribia 20 chini kwa Farenhaiti, ngozi iliyo wazi inaweza kuanza kuganda ndani ya nusu saa.

Sasa viatu. Mtu anayesubiri basi amesimama juu ya barafu, na barafu inafyonza joto kupitia soli muda wote huo. Koti la bei mbaya halisaidii kitu hapo. Kiatu kinachofaa kina soli nene ya mpira yenye meno, hakipitishi maji, kina bitana ya joto ndani, na kinaacha nafasi ya kuchezesha vidole. Wageni wengi huvaa soksi mbili au tatu ndani ya kiatu kile kile cha kawaida, halafu wanashangaa miguu inazidi kufa ganzi. Kiatu kinabana, damu haifiki vidoleni, na damu ndiyo inayoleta joto. Chukua kiatu kikubwa kidogo kuliko saizi yako, uvae soksi moja nene ya sufu. Jioni toa bitana kama inatoka, uianike ndani ya nyumba. Jasho la leo lisipokauka, kesho utavaa kiatu chenye ubaridi tangu asubuhi.

Koti unaweza kulipata zuri kabisa kwenye maduka ya mitumba ya huko, na pesa iliyobaki iende kwenye viatu vipya, maana kiatu cha mtumba mara nyingi soli imelika na bitana imelala. Liwe refu kufika mapajani, lizibe upepo, liwe na kofia yake. Ndani yake vaa sweta au flisi. Nguo inayogusa mwili iwe ya poliesta au sufu, suruali ya ndani na fulana ya mikono mirefu. Pamba iache kwa siku za kukaa nyumbani: inakunywa jasho na kukaa nalo, na nguo yenye maji hupoteza joto la mwili upesi sana. Jinzi ni pamba pia. Ukipanda basi lenye joto au ukiingia dukani, fungua zipu mara moja, usingoje mpaka utoke jasho. Mikononi, glavu zisizotenganisha vidole zina joto kuliko zile za vidole vitano, kwa kuwa vidole vikikaa pamoja vinapashana joto. Kina mama wanaofunga kilemba au kuvaa hijabu wavae kofia ya sufu juu au chini yake. Kitenge peke yake kinapitisha upepo.

Mtoto akifungwa kwenye kiti chake cha gari, avuliwe koti nene kwanza. Koti hilo hubonyea gari likigonga, na mikanda inabaki imelegea. Mfunge mikanda ikiwa imekaza, kisha mfunike kwa koti au blanketi.

Kuhusu nyumba, nasema hili kwa herufi nzito: jiko la mkaa lisiwashwe ndani, hata dakika kumi, hata dirisha likiwa wazi. Nyumba za huko zimezibwa ili joto lisitoke, na kaboni monoksaidi, gesi ya sumu inayotoka kwenye moto, haina harufu wala rangi. Watu hulala wasiamke. Oveni ya gesi nayo si ya kupashia chumba. Sheria ya Minnesota inataka king'ora cha kaboni monoksaidi kiwe ndani ya mita 3 hivi kutoka kila chumba cha kulala. Bonyeza kitufe chake ukijaribu mara kwa mara. Hita ya umeme iwe umbali wa mita 1 kutoka pazia, kitanda na nguo, na ichomekwe moja kwa moja ukutani, kwa sababu waya wa kuongezea hupata moto na kuyeyuka.

Wapangaji wengi wanatetemeka kimya bila kujua haki zao. Kuanzia 1 Oktoba hadi 30 Aprili, nyumba ya kupanga ambayo mpangaji hashiki themostati, yaani kifaa cha kurekebisha joto, inatakiwa kufikia angalau nyuzi 68 za Farenhaiti, yaani 20 za Selsiasi. Tumia kipimajoto, piga picha, mwandikie mwenye nyumba kwa maandishi. Katika miezi hiyo hiyo ipo kanuni ya kumlinda mteja asikatiwe umeme au gesi ya kupashia nyumba, ila haifanyi kazi yenyewe: lazima upige simu kwenye kampuni, mkubaliane malipo, na uyafuate. Barua ya deni isiwekwe droo.

Hewa ya baridi ina maji kidogo sana, na ikipashwa ndani inakuwa kavu mno. Ndiyo maana midomo inapasuka na watoto wanatokwa damu puani. Weka mashine ya kuongeza unyevu, ukilenga asilimia 30 hadi 40. Vioo vya madirisha vikianza kutiririka maji, punguza, la sivyo ukungu utaota kwenye kuta. Oga maji ya vuguvugu, kwa muda mfupi, na ukijikausha tu paka mafuta ya mgando ngozi ikiwa bado na unyevu. Losheni nyepesi tulizozoea Pwani hazitoshi huko.

Desemba jua linazama kama saa kumi na nusu jioni, na hata likiwaka mchana mwili umefunikwa wote. Weusi wa ngozi unapunguza zaidi vitamini D tunayoitengeneza kwa jua, kwa hiyo muombe daktari akupime damu. Ukijikuta unalala kupita kiasi na hamu ya watu imekwisha, mwambie daktari hilo pia. Ni ugonjwa unaojulikana, una matibabu, na hauna uhusiano wowote na uvivu.

Vijitabu vingi husema ngozi inayoganda huwa nyekundu. Kwa ngozi nyeusi tazama ganzi, ugumu, na rangi ya majivu inayong'aa kama nta. Ingia ndani, vua vilivyolowa, tumbukiza sehemu hiyo kwenye maji ya nyuzi 37 hadi 39, ambayo mtu mwingine ameyapima kwa kiwiko. Usisugue, usipake theluji, usiote moto, kwani mahali penye ganzi pataungua bila wewe kuhisi. Ganzi isipoondoka, au malengelenge yakitokea, nenda hospitali.

Kwa wenye gari: tangi lisishuke chini ya nusu, na maji ya kuoshea kioo yawe yale yasiyoganda. Usimwage maji ya moto kwenye kioo chenye barafu, kitapasuka. Minneapolis ikitangaza dharura ya theluji ili barabara zisafishwe, kuanzia saa tatu usiku huruhusiwi kuegesha kwenye barabara kuu zilizotajwa. Siku ya pili mchana, kwenye mitaa mingine, usiegeshe upande wa nyumba zenye namba shufwa, siku ya tatu usiegeshe upande wa namba witiri. Saint Paul ina utaratibu wake. Anayepuuza hulikuta gari limevutwa, na kulikomboa ni ghali. Ukikwama njiani kwenye theluji, baki ndani ya gari, piga simu, fukua theluji kwenye bomba la moshi kabla ya kuwasha injini, washa kama dakika 10 kila saa, na acha dirisha moja wazi kidogo upande usio na upepo.