Kanyaga pedali kabla hujanunua tokeni

Jirani yangu hapa Ntinda, mama mmoja, ana kijana wa miaka kumi na miwili, na likizo hii amemwahidi kumpeleka kwenye gemu. Akaniuliza, "Kaka, ile ya bastola inafaa, au nitapoteza pesa?" Aliniuliza mimi kwa sababu nilisimamia chumba cha gemu mjini Kampala kwa miaka minne, na mashine niliyokaa nayo karibu zaidi ilikuwa Time Crisis II, ile ya skrini mbili na bastola mbili. Nilimjibu kwamba inafaa sana, ila kabla ya kununua tokeni akanyage pedali kwa mguu wake mwenyewe, aone kama inarudi juu.

Pedali ndiyo roho ya gemu hii. Virtua Cop ya Sega, iliyotoka mwaka 1994, ilikuwa nzuri, lakini mchezaji alisimama peupe muda wote: adui akitokea unamwahi, na risasi zikiisha unafyatua nje ya skrini ili zijae tena. Time Crisis ya Namco ikaja na kikanyagio kimoja chini ya mguu. Ukikikanyaga unachomoza kutoka mafichoni na unaweza kupiga. Ukiinua mguu unarudi nyuma ya ukuta au kasha, na bastola inajaa risasi upya. Ungeweza kukaa mafichoni mpaka kesho, isipokuwa kuna saa inayorudi nyuma mbele ya macho yako. Kwenye Time Crisis ya kwanza saa ikifika sifuri mchezo umekwisha, hata kama uhai wako haujaguswa. Kwa hiyo kila mara unaamua: nitoke sasa, au nisubiri huyu amalize kupiga?

Nimewatazama mamia ya watu wakijifunza uamuzi huo. Mgeni huweka mguu kwenye pedali na kuusahau hapo, anapiga hovyo, risasi zinakwisha, anaendelea kubonyeza kitufe cha bastola isiyo na kitu huku akipigwa. Tokeni ya tatu au ya nne utamwona midomo inacheza: moja, mbili, tatu, nne... mguu juu. Hapo ameshaingia. Mwili mzima unacheza, na ndiyo maana hata anayesubiri zamu anapata raha ya kutazama.

Ukitaka kufika huko haraka, fanya hivi. Usimalize risasi zote. Piga tatu au nne, rudi, toka tena. Waangalie kwa makini wale askari waliovaa nyekundu, kwa sababu wao hawakosi kama wenzao, na uwaondoe kwanza. Kwenye Time Crisis II, risasi ambayo itakupata kweli hutanguliwa na mwako mwekundu kwenye skrini, na ukiuona inua mguu bila kufikiri. Nyingine zote zinazoruka zinakupita, zisikutishe. Shika bastola kwa mikono miwili, nyoosha mkono, tumia alama za kulengea zilizo juu ya mtutu kama bastola ilikuwa imelengwa vizuri na fundi.

Hilo la fundi ndilo linaloniuma, kwa sababu udhaifu mkubwa wa mashine hizi hauko kwenye mchezo, uko kwenye vyuma na kioo. Mashine za zamani hutumia skrini ya chogo. Ndani yake mshale wa elektroni unachora picha mstari kwa mstari, kutoka juu hadi chini, makumi ya mara kwa sekunde. Bastola haitoi kitu chochote. Ndani ya mtutu kuna lenzi na jicho dogo linaloona mwanga. Ukifyatua, skrini inamulika nyeupe kwa kitambo kidogo sana, jicho linashika kitambo kile kile mshale unapopita mbele yake, na mashine inapiga hesabu: kama umepita saa hii, basi bastola imelenga pale. Ni akili ya ajabu. Lakini inadai skrini ya chogo iliyo hai na yenye mwanga wa kutosha. Skrini ikizeeka na kufifia, risasi zinapotea. Dirisha au taa ikiangaza kwenye kioo, zinapotea. Na ukitoa chogo ukaweka flati, bastola hiyo inakuwa kipofu kabisa, maana flati haichori picha kwa njia ile. Mashine mpya zimehamia kwenye taa za infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, zilizopangwa kuzunguka skrini, na hizo hufanya kazi hata kwenye flati.

Mwenye mtaji anayefikiria kuagiza mashine iliyotumika kupitia Mombasa, naomba anisikilize hapa. Mimi springi ya pedali ilinikatikia Jumamosi, siku ya watoto. Pedali ikalala chini. Kwa gemu nyingine ungeweza kuvumilia, lakini hapa pedali iliyolala maana yake mchezaji yuko peupe muda wote, hawezi kujificha, hawezi kujaza risasi. Watoto walikuwa wanauawa ndani ya dakika moja na kudhani ni uzembe wao. Niliwarudishia tokeni zao, nikaipeleka springi Katwe, na fundi mmoja wa vyuma akaitengeneza nyingine kwa mkono, akiipinda na kuipima kwenye kidole gumba mpaka ikalingana na ile ya zamani. Ilidumu. Waya wa bastola nao hukatikia pale pale unapoingia kwenye mpini, kwa kuvutwa, na umeme wa kupanda na kushuka unaua bodi, kwa hiyo stabilaiza si ya kujadili.

Kuhusu mchezo wenyewe, kasoro ni moja tu ninayoweza kuitaja kwa uzito: maadui hutokea pale pale kila mara. Ukishakariri, unabaki kushindana na saa na alama zako mwenyewe. Wapo wanaolipenda hilo zaidi. Wengine wanaachana nayo baada ya wiki mbili.

Lipo pia jambo la watu. Mwako ule mweupe si salama kwa mwenye kifafa kinachoamshwa na mwanga. Muulize mzazi kabla ya mtoto kushika bastola. Na jioni moja alikuja baba mmoja kutoka Bunia, huko Kongo, na binti yake. Alipokea bastola, akaitazama, akairudisha taratibu kwenye kishikilio chake. "Ndugu," akaniambia, "mtoto acheze ile ya magari. Sisi kule za kweli tumeziona." Nilimbadilishia bila neno. Tangu siku ile nilikuwa nikiuliza kwanza, maana mji huu umejaa watu waliokimbia risasi Kongo, Sudan Kusini na kaskazini mwetu wenyewe.

Jirani yangu yeye anasema kijana wake hana shida na lolote kati ya hayo. Basi nimemshauri hivi: kwanza pedali, kisha aombe mhudumu afyatue mara mbili tatu aone risasi zinatua wapi. Vikikubali vyote viwili, anunue tokeni za kutosha watu wawili, sio mmoja. Time Crisis II iliundwa kwa wawili, kila mmoja na skrini yake na upande wake wa kuona, mmoja akimlinda mwenzake. Ukicheza peke yako kompyuta inachukua nafasi ya mwenzako, lakini kompyuta haipigi kelele "rudi, rudi!" Kwa hiyo bastola ya pili, mama aishike yeye.