Jibu: Peugeot 504 pikapu yenye injini ya Toyota, Nakuru

Ndugu, umeuliza kama ununue Peugeot 504 pikapu ya mwaka 1984 inayouzwa hapa Nakuru, iliyotolewa injini yake na kuwekwa injini ya dizeli ya Toyota, aina ya 2L. Nazipenda mno gari hizi, na ningependa upate iliyo nzima.

Anza na kitabu cha usajili: nambari ya injini iliyoandikwa humo ilingane na iliyogongwa kwenye injini yenyewe, la sivyo muuzaji akamilishe kwanza usajili wa mabadiliko hayo NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani), kabla hujatoa hata shilingi.

Kisha ingia chini ya gari ukiwa na tochi. Tazama mahali fundi alipochomelea vishikio vipya vya injini kwenye chesi, yaani fremu ya gari. Nyufa ndogo huanzia pembeni mwa weldi, zikifichwa na rangi nyeusi mbichi. Pitisha sumaku iliyofungwa kitambaa kwenye milango, kwani isiponata pana puti (lipu ya kuziba bodi) juu ya kutu.

Hatimaye ipandishe barabara ya mlima Menengai, ukichunga geji ya joto, na wakati wa kushuka usikilize breki kwa makini. Chesi ikiwa na ufa, iache.