Corgi kwa familia hapa Mwanza: kagua ngazi za nyumba yako kwanza

Mkuu, umesema unakaa Isamilo, una watoto wawili wadogo, na umechagua corgi kwa kuwa ni mbwa mfupi, hatasumbua. Kimo ni kifupi kweli, sentimita 25 hadi 30 begani. Lakini huyo ni mbwa wa kuswaga ng'ombe kutoka Wales, ana kilo 10 hadi 14, na akibweka jirani wa bonde la pili anasikia.

Nyumba zetu za juu ya mawe ndizo zinazonitia shaka. Corgi ana mgongo mrefu juu ya miguu mifupi, na diski za uti wa mgongo wake, yaani vile vipande laini kati ya pingili, huchakaa mapema. Akiruka kutoka kwenye kochi kila siku, au akishuka ngazi za mawe mara kumi kutwa, diski inaweza kutoka mahali pake na kubana neva. Ukiona anagoma kupanda, amejikunja mgongo, analia akiguswa au anaburuta miguu ya nyuma, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Usimkande, usimpe panadoli. Palipo na vidato vitatu au vinne weka ubao wenye mteremko mdogo, ugongelee zulia asiteleze. Ngazi ndefu zifunge kwa kigeti. Kumbeba: mkono mmoja chini ya kifua, mwingine chini ya makalio, mgongo ulale sawa. Watoto wasimnyanyue kwa makwapa kabisa.

Unene ndio unaoharibu mgongo huo haraka zaidi, na corgi hajui kushiba. Mbwa wa kilo 12 anatosheka na gramu 180 hadi 200 za chakula kikavu kwa siku, milo miwili. Ukimpa dagaa waliochemshwa bila chumvi wala kitunguu, punguza chakula kikavu. Vichwa na miiba ya sangara usimpe. Pitisha vidole ubavuni: mbavu uzihisi bila kubonyeza.

Watoto wakikimbia atawadona visigino, maana ndivyo anavyoswaga. Kumchapa hakusaidii. Watoto wasimame tuli, yeye apewe kamba ya kutafuna, mchezo uendelee akitulia. Mbuzi wa jirani nao watafukuzwa, kwa hiyo uzio ni lazima, na uzibe chini pia.

Manyoya yana tabaka mbili na hupukutika mwaka mzima. Chana mara mbili au tatu kwa wiki, usimnyoe. Matembezi yawe kabla ya saa mbili asubuhi au jua likizama, kwa sababu miamba hubaki na joto hadi jioni.

Kupe huku kwetu si mzaha, huambukiza magonjwa ya damu. Homa, fizi nyeupe au mkojo mwekundu ni dalili za kupimwa damu mara moja. Dawa ya kupe ya kuogeshea ng'ombe usimkadirie mwenyewe, hasa mtoto wa mbwa. Chukua ya mbwa, kwa kipimo cha kilo zake.

Kununua: asiwe chini ya wiki nane, uone mama yake, na kadi ionyeshe chanjo ya kwanza ya parvo (ugonjwa wa kuhara unaoua watoto wa mbwa) na dawa ya minyoo. Ya kichaa cha mbwa huanzia miezi mitatu. Muuzaji akikuambia mkia mrefu ni ushahidi kuwa si corgi, hajui anachouza: corgi wapo wa aina mbili, Cardigan ana mkia mrefu, na Pembroke wengi hukatwa wakiwa wachanga. Ila Pembroke wa kijivu-bluu chenye mabaka amechanganywa, usimlipie bei ya mbegu safi.